Mwongozo kamili: jinsi ya kuandaa mpango wa kuokoa mimea na wanyama wa juu Kilimanjaro hali ya hewa inapobadilika

Watu wengi ukiwatajia Kilimanjaro na mabadiliko ya tabianchi wanawaza barafu tu. Ni kweli inaisha, kati ya 1912 na 2007 imepotea kama asilimia 85, na sisi tuliozaliwa chini ya mlima hatuhitaji kuambiwa, tunaangalia tu juu asubuhi. Lakini barafu hakuna kikundi cha kijiji kinachoweza kuirudisha. Kuna viumbe wanaoishi chini ya barafu na juu ya vihamba vyetu (mashamba yetu ya nyumbani), mimea mikubwa kama senesio na lobelia, ndege kama chozi wa mlimani, swala anayeitwa minde, virukanjia wa msituni, na hao bado wana nafasi kama tutajipanga sasa. Mi nimekulia upande wa Rombo, nimebeba mizigo ya wageni kama mgumu, yaani mpagazi, misimu mitano, baadaye nikaingia kwenye kazi ya kuhesabu mimea na kufundisha vikundi vya kuzima moto. Haya ninayoandika ni kwa ajili ya kikundi kidogo, watu kumi hadi ishirini, kamati ya mazingira ya kijiji, waongoza wageni, walimu wa shule, wafuga nyuki, watu ambao hawana gari wala ofisi ila wana miguu na wanaujua mlima.

Kabla ya yote, elewa mlima unabanwa vipi

Maelezo mengi utakayosoma yanasema joto likiongezeka viumbe watapanda juu kufuata baridi. Huko Ulaya kwenye milima ya Alps ndivyo ilivyoonekana, mimea inazidi kusogea vileleni. Ukichukua mpango wa huko ukauleta Kilimanjaro kama ulivyo utapotea, kwa sababu hapa kuna nguvu mbili zinavutana. Joto linasukuma uhai juu, halafu ukame na moto vinaushusha msitu chini. Tangu miaka ya sabini moto umeteketeza sehemu kubwa sana ya msitu wa erika, ule wa mwisho kabisa kabla hujatokea kwenye uwazi, na ukingo wa juu wa msitu umeshuka mamia ya mita. Mtafiti Andreas Hemp, ambaye ameufanyia kazi mlima huu miaka mingi, aliandika 2005 kwamba hasara inayoletwa na moto ni kubwa kuliko ile ya barafu kuyeyuka. Sababu yake ukiiona mara moja hutaisahau: ingia kwenye erika asubuhi yenye ukungu, jacket inalowa na mvua haijanyesha hata tone, maana yale majani membamba kama sindano pamoja na ndevu za kuvumwani zinazoning'inia kwenye matawi yanakamua ukungu na kuushusha ardhini. Erika zikiungua ukungu unapita tu, unakwenda zake.

Sasa tazama upande wa juu. Ukipita mita 4,500 hivi hamna udongo wa maana, ni mchanga, mawe na upepo, na mvua ni kidogo sana kulinganisha na msitu wa chini. Senesio inataka udongo wenye unyevu, ndo maana pale bonde la Barranco zimejipanga kando ya vijito. Uiambie ipande juu, itapanda wapi?

Na hata udongo ungekuwepo nafasi yenyewe inapungua. Fanya hesabu hii na kikundi chako, inaelewesha kuliko semina nzima. Kwa wastani joto linapungua kama nyuzi 0.6 kila ukipanda mita 100, kwa hiyo joto likiongezeka nyuzi 2 ni sawa na kila mkanda wa mimea kutakiwa kupanda mita 330 hivi ili ubaki kwenye baridi yake ileile. Chukulia mlima ni koni iliyochongoka vizuri (haiko hivyo ila kwa hesabu inatosha), mkanda unaoanza mita 3,900 hadi 4,500 ukiusogeza juu mita 330 unapoteza karibu sehemu moja ya tano ya eneo lake. Hapo bado hujatoa mawe na mchanga.

Kwa hiyo mpango wa viumbe wa juu unaanzia chini, kwenye msitu wa erika, na adui wa kwanza wa kupanga naye ni moto. Ukikumbuka hilo tu hata ukisahau mengine huu mwongozo umeshakusaidia.

Hatua ya 1: Vibali na watu

Usianze na mlima, anza na ofisi. Msitu wote wa Kilimanjaro uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa 2005, kwa hiyo kuingia bila ruhusa ya KINAPA (Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro) ni kosa hata kama nia yako ni njema kiasi gani. Pitia kwa mtendaji wa kijiji, andikeni barua yenye muhuri, mpeleke kwa mhifadhi anayesimamia upande wenu na muombe askari wa hifadhi wawe sehemu ya kikundi toka siku ya kwanza, siyo wa kuwasindikiza, wawe wanahesabu na nyie. Kama mnataka data iwe utafiti rasmi, au mnataka kuchukua sampuli, hapo kuna vibali vya COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), na inachukua muda, ombeni mapema. Walio upande wa Mlima Kenya mambo yanapita KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) na KFS (shirika la misitu la huko), na zile jumuiya za misitu za wananchi zina faida kubwa maana zinatambuliwa kisheria.

Kwenye kikundi hakikisha kuna watu wa aina hizi: mgumu au muongoza wageni anayepanda mara kwa mara, mfuga nyuki, mama anayekata majani ya ng'ombe Nusu Maili, mzee mwenye kumbukumbu, na kijana mmoja anayejua simu na kompyuta. Ule ukanda wa Nusu Maili ulitengwa toka 1941 kwa ajili ya mahitaji ya wananchi, na akina mama wanaoingia humo wanaona mabadiliko kabla ya mtu yeyote. Nimeona vikundi vya wanaume watupu wenye digrii vikizunguka miezi sita kutafuta kitu ambacho mama mmoja angewaambia wakiwa barazani.

Hatua ya 2: Chora mikanda ya upande wenu

Tafuta karatasi kubwa, chora mlima kwa ubavu, andika mita pembeni. Upande wa kusini mambo yako hivi kwa makadirio: vihamba mpaka karibu 1,800, halafu msitu mnene wa mvua, kuanzia kama 2,800 au 3,000 erika zinachukua, ukifika 3,900 hivi ni vichaka vifupi na yale maua makavu meupe yasiyonyauka, na 4,500 kwenda juu ni jangwa la mawe. Upande wa kaskazini ni mkavu zaidi kwa hiyo mikanda haifanani, msinakili ya Marangu mkaipeleka Rongai.

Baada ya hapo mkae na wazee muweke alama: msitu ulikuwa unafika wapi zamani? Moto wa mwaka gani ulipita wapi? Kijito gani kilikuwa hakikauki na sasa kinakauka? Wazee hawakumbuki mwaka, wanakumbuka tukio, kwa hiyo uliza "ilikuwa kabla au baada ya fulani kuoa" mtafika. Moto wa Oktoba 2020 kila mtu anaukumbuka, ule ulioanzia Whona kati ya kambi za Mandara na Horombo, na wa Oktoba 2022 pale karibu na kambi ya Karanga pia. Chora yote mawili. Picha ikikamilika utaona wazi sehemu zilizoungua zaidi ya mara moja, hizo zizungushie rangi nyekundu.

Hatua ya 3: Chagua viumbe wachache

Msiandike orodha ya viumbe hamsini, hamtawafuatilia. Chagueni watano au sita wanaojibu maswali tofauti. Mi huwa napendekeza hivi:

Senesio, ile kubwa kama mti yenye kichwa cha kabichi, jina la kitaalamu Dendrosenecio kilimanjari. Inapatikana mlima huu, Mlima Kenya una za kwake na Rwenzori wana zao. Inakua polepole mno kwa hiyo ikifa moja umepoteza umri wa mzee.

Lobelia, ile inayosimama kama mnara. Ukichungulia ndani ya majani yake kuna maji, usiku yanaganda juu na kitako cha katikati kinabaki salama, hilo ganda la barafu ndo blanketi lake.

Chozi wa mlimani, yule wa kijani anayeng'aa mwenye mkia mrefu na vishungi vyekundu ubavuni. Anafuata maua ya lobelia. Lobelia zikikosa kutoa maua utajua kwa yeye kabla hujajua kwa lobelia.

Erika yenyewe, maana ndo nyumba.

Minde, swala mweusi mnene wa msituni. Anapatikana Tanzania tu kwenye milima michache, na anahitaji msitu uliounganika.

Wa sita chagueni wenyewe, awe kitu watu wa kwenu wanakijali. Kikundi kimoja walichagua chura wa kijito chao kwa sababu watoto wa shule walimpenda, na ndo kipengele pekee ambacho hakijawahi kukosa data.

Hatua ya 4: Hesabu, na uhesabu kila mwaka vilevile

Hapa ndo vikundi vingi vinafia kwa hiyo ntakaa kidogo.

Weka mistari mitatu ya kuhesabia, mmoja ndani ya erika, mmoja kwenye ukingo wake wa juu, mmoja kwenye bonde lenye senesio. Kila mstari mita 200, anza kwenye jiwe kubwa ambalo haliwezi kuhama, chukua namba za GPS kwa simu na uandike pia kwa maneno, "jiwe lenye ufa, kushoto kwa njia, hatua 40 toka kijitoni", maana simu inaisha chaji na kule baridi inaimaliza haraka sana. Kila mita 50 pima kiwanja cha mita 10 kwa 10 kwa kamba.

Ndani ya kiwanja hesabu hivi: senesio watoto (chini ya goti), vijana (goti mpaka kichwani), wakubwa, na zilizokufa zimesimama. Hiyo idadi ya watoto ndo habari yote. Bonde linaweza kuonekana limejaa, wageni wanapiga picha wanafurahi, kumbe ni wazee watupu na hamna mtoto hata mmoja, yaani ni bonde linalokufa likiwa limesimama. Hesabu pia matawi, kwa sababu senesio ikitoa maua shina linagawanyika, kwa hiyo matawi yanakupa picha ya maua yaliyopita.

Halafu angalia sketi. Ile sketi ya majani makavu kwenye shina siyo takataka. Kuna asubuhi moja pale Barranco, saa kumi na moja na nusu, chupa yangu ya maji ilikuwa imeganda mpaka katikati, majani ya juu ya senesio yamejifunga kama ngumi, nikavua glavu nikaingiza mkono taratibu kati ya majani makavu na shina. Mle ndani kulikuwa na uvuguvugu, kidogo tu, kama mfuko wa shati lililovuliwa sasa hivi. Buibui mdogo akatembea juu ya kidole changu. Hatua mbili pembeni kulikuwa na shina jingine ambalo watu walilivua majani yote ya chini kuwashia moto, gome limekwajuka na kichwa cha juu kimeinama.  Kwa hiyo kwenye daftari lako weka safu ya "sketi nzima, sketi imevuliwa" na wafundishe wagumu wote kwamba hizo siyo kuni.

Joto: kama mnaweza pata vinasa joto vidogo vitatu, vile vinavyoandika vyenyewe kila saa. Kimoja ardhini, kimoja kivulini urefu wa mtu, kimoja kati ya majani. Usikiache kipigwe jua, kitengenezee kofia ya bakuli jeupe lililotobolewa pembeni hewa ipite, la sivyo utaandika joto la plastiki. Mvua ipimeni kijijini kwa kipima mvua cha kawaida kila siku saa tatu asubuhi, mpeni mwanafunzi mwenye nidhamu, na hata kama haijanyesha aandike 0. Siku iliyoachwa wazi na siku ya sifuri siyo kitu kimoja.

Picha: simama palepale, elekeza kulekule, mwezi uleule kila mwaka. Beba picha ya mwaka jana iliyochapishwa uilinganishe ukiwa hapohapo. Miaka mitano ya picha kama hizo ina nguvu mbele ya mkuu wa wilaya kuliko ripoti ya kurasa mia.

Hatua ya 5: Pima nani yuko hatarini zaidi kwa maharage

Kaeni chini kwenye uwanja, chora viboksi kwa kila kiumbe, kila mtu apewe maharage. Uliza maswali matatu. Mabadiliko yanamfikia kiasi gani huyu (joto, ukame, moto)? Yakimfika anaumia kiasi gani? Na ana njia gani ya kujiokoa, anaweza kuhama, anazaa haraka, ana mahali pa kwenda? Kwa mawili ya kwanza weka maharage mengi kama hali ni mbaya, kwa la tatu weka mengi kama hana njia. Jumlisha.

Mtabishana, na mabishano ndo faida yake. Mara nyingi senesio inaongoza, ila kuna kijiji minde aliongoza kwa sababu wawindaji waliokuwepo pale uwanjani walisema kwa kinywa chao kwamba siku hizi hawamuoni hata kwa mitego. Andika sababu zilizotajwa, siyo maharage tu.

Hatua ya 6: Tengeneza hali tatu za mbele

Hamna mtu anayeweza kukuambia mwaka 2045 utakuwaje hasa, kwa hiyo usipange kwa hali moja. Andikeni tatu:

Hali ya kwanza, joto juu na vuli inachelewa mara kwa mara, kiangazi cha Juni mpaka Oktoba kinaingia Novemba.

Hali ya pili, mvua ipo ila inakuja kwa kishindo, maporomoko, njia zinachimbika, miche inasombwa.

Hali ya tatu, mioto mikubwa miwili ndani ya miaka mitano kwenye eneo lilelile.

Kwa kila hali jibu: kiumbe gani anapotea kwanza, tungetamani tuwe tumefanya nini mapema, nani angehusika. Mtagundua kuna kazi zinazojirudia kwenye hali zote tatu, hizo ndo za kuanza nazo kwa sababu hazina hasara vyovyote itakavyokuwa. Kila kikundi nilichokaa nacho kazi ya kwanza iliyojirudia ilikuwa ileile, kuzuia moto.

Hatua ya 7: Moto

Anza na kujua unaanzia wapi. Kilimanjaro radi siyo ishu kubwa, mioto mingi ni mikono ya watu: kurina asali, uwindaji, mkaa, majiko ya kambini, sigara. Chora ramani ya vyanzo bila kutaja majina ya watu, ukitaja majina mkutano umekufa.

Nilimfuata mzee mmoja anayerina asali toka ujana wake, nyumbani kwake jioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunikataza?"

"Hapana mzee, nimekuja unifundishe."

Akanyanyuka akaniletea mwenge wake, majani makavu ya mgomba yamefungwa kwa kamba ya mgomba, akauwasha akaupuliza. Moshi ukatoka mzito, mzuri kabisa kwa nyuki. Akaniambia mtu akiwa juu ya mti mkono mmoja umeshika mwenge mwingine unakata masega, huku nyuki wako usoni. "Ukishang'atwa kope utaangalia chini?" akaniuliza. Nikatazama chini pale tuliposimama, makaa madogo kama punje za mtama yalikuwa yanadondoka moja moja kwenye vumbi, mengine yanazima mengine yanabaki mekundu. Huyo mzee hakuwa mkorofi wala mjinga, alikosa kifaa tu. Sasa hivi anatumia bomba la moshi la bati, moto unakaa ndani, mizinga yake imeshushwa karibu na kijiji, na ndo mlinzi wetu wa kwanza kupiga simu akiona moshi juu. Kwa hiyo fungu la kwanza la hela mkipata nunueni mabomba ya moshi na mizinga ya kisasa, siyo fulana.

Kambini: gesi tu, jiko liwekwe kwenye udongo mtupu au jiwe, ndoo ya maji pembeni, mtu asiache jiko likiwaka akaenda kuita wageni. Hapa waongoza wageni mna nguvu kuliko askari kwa sababu nyie ndo mko pale saa moja jioni.

Kikosi cha kuzima: mapanga, majembe, mabomba ya maji ya mgongoni, matawi mabichi ya kupigia, buti siyo malapa, nguo za pamba maana nailoni inayeyukia mwilini. Orodha ya simu ibandikwe dukani na kwa mtendaji. Fanyeni zoezi kabla ya Juni na tena kabla ya Januari, maana hiyo Januari na Februari watu wanaisahau kumbe nayo ni kavu.

Mambo ya usalama ambayo lazima kila mtu ayajue kwa moyo: mchana upepo unapanda mlima na usiku unashuka. Mchana moto unakimbia kupanda kuliko wewe, kwa hiyo usisimame juu yake kamwe, hata kama unaona uko mbali. Erika zina mafuta, zinawaka hata zikiwa mbichi, usijidanganye kwamba kijani ni salama. Saa nzuri ya kuushika ni alfajiri, umepoa na upepo umetulia. Na moto wa erika unaingia ardhini kwenye ule udongo mweusi wa majani yaliyooza, juu unaona umezima, chini unatembea, unakuja kuibuka siku ya tatu mahali pengine. Chimbeni mpaka kwenye udongo mtupu, wekeni mgongo wa kiganja karibu na ardhi msikie joto, na muache walinzi siku kadhaa. Mioto mingi mikubwa ilikuwa mioto midogo ambayo watu waliondoka mapema.

Hatua ya 8: Kurudisha msitu, na makosa ya kuepuka

Baada ya moto kila mtu anataka kupanda miti. Subiri kwanza. Erika nyingi zikiungua juu zinachipua toka kwenye kisiki, kwa hiyo nenda baada ya mvua mbili uhesabu machipukizi kabla hujapeleka mche wowote. Kama yapo, kazi yako ni moja, moto usirudi pale. Kukata mkanda wa kuzuia moto kuzunguka eneo hilo na kulilinda miaka kumi kunazidi miche elfu kumi.

Niliwahi kushiriki zoezi la wafadhili fulani, tukapandisha miche ya grevilea iliyokuzwa bondeni kwenye joto, tukaipanda karibu na mita 2,900. Siku ile kulikuwa na kamera, hotuba, soda. Nilirudi baada ya wiki sita, imekauka yote, baridi ya usiku imeichoma kama maji ya moto, mistari imenyooka ya vijiti vyeusi. Iliniuma sana kwa sababu akina mama walibeba ile miche kichwani kutwa nzima. Toka siku hiyo nina masharti matatu: mti wa palepale, mbegu ya upande uleule, na kitalu kiwe juu karibu na msitu ili mche uzoee baridi ukiwa mdogo. Mikaratusi na misindano isipandishwe msituni hata kwa dawa.

Mbegu za senesio na lobelia zikikusanywa (kwa kibali, na usichukue zaidi ya sehemu ndogo ya kila mmea) zikaushwe kivulini, ziandikwe zimetoka wapi, mita ngapi, lini, na ziulizwe kwa wataalamu wa mbegu wa TFS (wakala wa misitu Tanzania) namna ya kuzihifadhi. Kuhamisha mmea toka mlima mmoja kwenda mwingine, mfano kuleta wa Mlima Kenya hapa, usifanye. Hawa ndugu wametengana muda mrefu sana, ukiwachanganya umepoteza wote.

Njia za wanyama nazo ziingie kwenye mpango. Kilimanjaro inazidi kuwa kisiwa, mashamba yameizunguka, na ule ushoroba wa Kitendeni unaoelekea hifadhi ya Amboseli, Kenya, ndo mlango uliobaki upande wa kaskazini. Kijiji kilicho pale kikigawa viwanja vya kujenga hovyo hakuna kitu sisi wa upande wa pili tunaweza kufanya kufidia. Kwa hiyo kama uko upande huo mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji ni kazi ya uhifadhi, hudhuria kile kikao hata kama kinachosha.

Hatua ya 9: Weka mistari myekundu mapema

Hii watu hawaifanyi na ndo inatofautisha mpango na matamanio. Kaeni sasa, kabla ya tatizo, mkubaliane: tukiona kitu fulani, tunafanya kitu fulani, bila mjadala mpya. Mifano ya kikundi chetu:

Viwanja vya senesio vikikosa mtoto hata mmoja miaka mitatu mfululizo, tunaandika barua hifadhi kuomba njia ya wageni isogezwe na tunaanza kukusanya mbegu.

Siku thelathini bila mvua kijijini kati ya Juni na Oktoba, doria za moto zinakuwa kila siku badala ya mara mbili kwa wiki.

Eneo likiungua mara ya pili ndani ya miaka kumi, hakuna kuingia humo kukata wala kurina mpaka machipukizi yafike kiunoni.

Namba zenu zitakuwa tofauti, cha muhimu ziandikwe, zisainiwe, zibandikwe ukutani.

Hatua ya 10: Daftari na kurudi

Daftari la karatasi ngumu, penseli siyo kalamu ya wino maana wino unaganda na mvua inaufuta. Mkishuka piga picha kurasa zote siku hiyohiyo, tuma kwa watu wawili tofauti. Nakala moja hifadhi, moja shule ya kijiji. Kila Novemba msimu wa moto ukiisha kaeni nusu siku mpitie: tumehesabu? mistari myekundu imeguswa? nani amehama kijiji na nani anachukua nafasi yake? Kila mwaka wa tano mrudie maharage na zile hali tatu upya.

Kwa safari ya kwanza ya kuhesabu beba kamba ya mita 50, vigingi vinne vya rangi, daftari, penseli tatu, chaja ya akiba uivae ndani ya nguo isipoe, maji lita tatu kila mtu, na mzee mmoja anayejua ule mlima kabla haujaungua. Mpangieni mwendo wake, msimkimbize, na akisimama mahali akanyamaza muulizeni palikuwa na nini, kisha muandike.